Pumzi Kwanza, Noti Baadaye: Kuupangilia "Les feuilles mortes" kwa Saksofoni Nne

Kundi la saksofoni likitaka kupiga wimbo wa Kifaransa wa zamani, mara nyingi kazi huanzia pasipofaa. Mpangiliaji huchukua noti za piano, zile za juu akampa soprano, za chini akampa baritoni, na za katikati akawagawia alto na tenori ilimradi kila mtu apate cha kupuliza. Siku ya mazoezi noti zote zinasikika, hakuna iliyokosewa, na wimbo wenyewe haumo. Nami nilianza hivyo hivyo, na ilinichukua muda kutambua nilichokiacha nje. Nilikuwa nimeyaacha maneno.

Wimbo wa aina hii, ambao Wafaransa huuita chanson, umesimama juu ya maneno. Mwimbaji husimulia, muziki humfuata nyuma na kumngoja anaponyamaza. Ukiyaondoa maneno ukaweka saksofoni, umeondoa nguzo ya kati, na paa linahitaji kushikiliwa na kitu kingine. Kitu hicho unacho tayari, nacho ni pumzi. Saksofoni huimba kwa kifua kilekile cha mwimbaji, huanza sentensi kwa hewa na kuimaliza hewa ikiisha. Kwa hiyo ushauri wangu wote katika makala haya unatoka kwenye shina moja: panga kwanza mahali pa kupumua, kisha ndipo upange noti.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, wimbo "Les feuilles mortes", yaani majani yaliyokufa. Ukiuelewa huu, nyimbo nyingine za Kifaransa zitakufungukia kwa njia hiyohiyo.

Wimbo unaotoka mbali

Muziki wake uliandikwa mwaka 1945 na Joseph Kosma, mzaliwa wa Budapest aliyehamia Paris mwaka 1933. Mwanzoni ulikuwa sehemu ya muziki wa dansi ya jukwaani iliyoitwa "Le Rendez-vous", kazi ya Roland Petit. Mshairi Jacques Prévert akautilia maneno, na mwaka 1946 ukaingia katika filamu ya Marcel Carné, "Les Portes de la nuit". Yves Montand, aliyeigiza humo, aliuimba miaka mingi hadi jina lake na la wimbo yakawa hayatengani. Johnny Mercer aliupa maneno ya Kiingereza, ukawa "Autumn Leaves", na kwa jina hilo wapiga jazi wakauchukua dunia nzima. Mwaka 1958 Cannonball Adderley aliupiga kwa saksofoni ya alto akiwa na Miles Davis katika santuri "Somethin' Else". Mwaka 1961 Serge Gainsbourg alitunga wimbo unaozungumza juu ya wimbo huu.

Saksofoni nayo si mgeni Paris. Adolphe Sax alizaliwa Dinant, Ubelgiji, mwaka 1814, lakini hati ya kuutambua uvumbuzi wake aliipata Paris mwaka 1846. Mwaka 1928, katika jiji hilohilo, Marcel Mule na wenzake wa bendi ya Garde républicaine waliunda kundi la saksofoni nne, na mfano wao ukaenea: soprano, alto, tenori na baritoni. Aliyewahi kuimba kwaya ya kanisa anaujua mpangilio huu hata kama hajashika saksofoni, kwa sababu ni sauti zilezile nne tunazogawana tukisimama mbele ya waumini.

Kabla ya kalamu, soma maneno

Tafuta tafsiri ya maneno, na ukiweza mpate mtu anayejua Kifaransa akusomee kwa sauti. Usimwombe aimbe. Mwombe asome, nawe uweke alama kila anapopumua na kila anapokazia sauti. Alama hizo ndizo ramani yako.

Kuna mtego mmoja kwa sisi tunaosoma kwa Kiswahili. Kamusi hutafsiri msimu wa majani kupukutika huko Ulaya kuwa "vuli". Vuli yetu ya pwani ni mvua. Mashamba hurudi kijani na watu hushika jembe. Msimu wa Prévert ni kinyume chake: mwanga unapungua, miti inabaki mitupu, na majani makavu yanazolewa kwa sepeto. Ukiupangilia wimbo huu ukiwa na vuli ya Tanga kichwani, utaujaza uchangamfu usio wake. Huu ni wimbo wa mtu anayekumbuka mapenzi yaliyokwisha, naye hapigi kelele.

Jambo la pili ni mkazo. Sikio la Mswahili limezoea mkazo kukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: tunasema ku-PEN-da, ma-JA-ni. Kifaransa huusukuma mkazo hadi mwisho wa fungu la maneno. Sasa tazama mwanzo wa kiitikio: noti tatu fupi zinapanda hatua kwa hatua, kisha inakuja ya nne, ndefu, juu zaidi. Mpigaji aliyezoea lafudhi yetu huelemea noti ya tatu na kuiachia ya nne ilegee. Wimbo unataka noti tatu za mwanzo ziwe nyepesi, zikitembea kuelekea ya nne, na uzito wote utue hapo. Usiandike alama ya kupiga kwa nguvu juu ya hiyo ya nne. Andika mstari wa kuunganisha noti zote nne ndani ya pumzi moja, na chini yake alama ya kukua kidogo. Sauti iegemee, isigonge.

Jambo la tatu ni dogo lakini limewapotezea watu usiku mzima. Katika kwaya zetu za do-re-mi, "do" huhama kufuata ufunguo. Katika noti za Kifaransa "do" haihami. Ni C siku zote, na "la" ni A siku zote. Ukipata karatasi iliyoandikwa kwa Kifaransa, kumbuka hilo kabla hujahamisha chochote.

Chagua ufunguo kwa huruma

Saksofoni huandikiwa noti moja na kutoa nyingine. Soprano hulia hatua moja nzima chini ya kilichoandikwa. Tenori vivyo hivyo, na oktavu moja zaidi chini. Alto hulia chini kwa umbali wa kutoka C ya juu kushuka hadi E flati. Baritoni umbali huohuo, na oktavu moja zaidi. Kwa sababu hiyo ufunguo mwepesi kwenye piano unaweza kuwa mzigo kwa wapulizaji.

Wimbo huu huandikwa mara nyingi katika E maina. Ukiuacha hapo, soprano na tenori watasoma F shapu maina yenye shapu tatu, na alto na baritoni watasoma C shapu maina yenye shapu nne. Uhamishe hadi G maina: sasa soprano na tenori wanasoma A maina, isiyo na shapu wala flati, na alto na baritoni wanasoma E maina yenye shapu moja tu. Wimbo ni uleule, ila vidole vimepumzika na akili imepata nafasi ya kusikiliza. Kwa kundi la vijana wanaojifunza, uamuzi huu mmoja unaweza kupunguza saa nyingi za mazoezi.

Nani aimbe?

Katika G maina, vipimo vinane vya kwanza vya kiitikio hutembea kati ya D na E flati iliyo zaidi ya oktavu moja juu yake. Yaweke mahadhi katika kimo cha sauti ya mwanamume, alikokuwa Montand, kisha uangalie kila chombo.

Alto akipewa kimo hicho atashuka hadi B ya chini kabisa, noti moja tu kabla ya mwisho wa chombo. Huko saksofoni hunguruma. Kupuliza kwa upole ni kazi ngumu hata kwa fundi, na wimbo huu unataka upole hasa hapo. Tenori, kwa mahadhi hayohayo, anasoma kuanzia E ya mstari wa chini wa noti hadi F ya mstari wa juu. Hilo ndilo eneo lake tamu, ambapo chombo huongea bila kulazimishwa. Ukiyapandisha mahadhi oktavu moja, soprano naye anaangukia katika eneo lilelile la katikati. Basi una waimbaji wawili walio tayari: tenori kwa kisa kinachosimuliwa kwa karibu, soprano kwa kumbukumbu inaporudi na uchungu zaidi.

Ikiwa kundi lenu halina soprano bali alto wawili, mpe alto wa kwanza mahadhi ya juu. Anayafikia, lakini yatang'aa kuliko unavyodhani, hivyo mwandikie sauti ndogo kuliko wenzake.

Sauti za ndani ndizo zinazolia

Hapa ndipo utajiri wa wimbo ulipo, na hapa sitaharakisha.

Kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, za kiitikio hufuatana hivi katika G maina: C maina yenye noti ya saba, F yenye saba, B flati meja, E flati meja, A maina iliyopunguzwa noti ya tano, D yenye saba, kisha nyumbani G maina. Sasa zitazame zile noti ndefu za mahadhi. Ya kwanza ni E flati, ya pili D, ya tatu C, ya nne B flati. Zinashuka hatua kwa hatua kama ngazi. Tena kila moja ni noti ya tatu ya kodi iliyo chini yake, ile inayoamua kama kodi ina huzuni au furaha.

Maana yake kwa mpangiliaji ni kubwa. Mahadhi yameshaishika noti muhimu kuliko zote. Usimpe mtu mwingine noti hiyohiyo chini yake; utakuwa unamkanyaga mwimbaji. Kazi ya wengine ni noti ya msingi, na noti ya saba, ambayo ndiyo huivuta kodi moja kuelekea nyingine.

Baritoni achukue misingi: C, F, B flati, E flati, A, D, G. Mpe noti ndefu. Akianza kudunda pigo la kwanza na la tatu, wimbo unageuka gwaride.

Tenori, pale soprano anapoimba, apewe mstari huu: B flati, A, A, G, G, F shapu, F. Uimbe mwenyewe taratibu. Unasubiri, unashuka, unasubiri, unashuka, na mwishoni unateleza nusu hatua nusu hatua. Ukiupiga bila chochote kingine bado utasikia wimbo. Usiukatize kwa kuruka noti. Mstari huu ndio jani lenyewe likidondoka.

Alto abaki na hizi: G, E flati, F, D, E flati, C, D. Anashuka hatua mbili, anapanda moja, anashuka mbili tena. Pamoja na wenzake, kila kodi inatimia. Lakini sikiliza kwa makini kodi ya nne: alto ameshika D, na soprano anaanza noti zake fupi kwenye E flati iliyo kando kabisa ya hiyo D. Mgusano huo huuma. Una njia mbili. Mwandikie alto B flati ya chini hapo, au umwache apumue kwenye noti hiyo na kuingia upya kwenye kodi inayofuata. Mimi huchagua njia ya pili. Inampa pumzi anayoihitaji, na mahadhi yanapita bila kuguswa.

Katika kiitikio cha kwanza tenori anapoimba, punguza zaidi. Soprano anyamaze kabisa. Baritoni ashike msingi, alto achukue ule mstari unaodondoka, tenori asimulie. Msingi, tatu na saba: noti tatu zinatosha kumwambia msikilizaji kila kitu. Ukimnyamazisha soprano sasa, atakaposikika baadaye watu watainua vichwa.

Umbo la safari nzima

Wapiga jazi wengi huanza moja kwa moja na kiitikio. Wimbo wenyewe una ubeti unaotangulia, na mahadhi yake yanakaribia mazungumzo. Nakusihi uurudishe. Mpe alto peke yake, bila mapigo ya kuhesabu, na baritoni amshikie noti ndefu moja moja, akibadilisha pale tu alto anapomkazia macho. Dakika ile ya mazungumzo ndiyo inayokifanya kiitikio kionekane kimestahiliwa.

Kisha kiitikio cha tenori, watu watatu tu. Kisha kiitikio cha soprano, sauti zote nne, na hapo ndipo penye kilele. Nyimbo nyingi za Kifaransa za jukwaani hupandisha ufunguo kuelekea mwisho ili watu washangilie. Huu usiupandishe. Kila kitu ndani yake kinashuka: noti ndefu zinashuka, sauti za ndani zinashuka, hadithi yenyewe inashuka. Kupandisha ufunguo ni kuyaokota majani na kuyarudisha mtini.

Badala yake, katika kufunga, irudie ile sentensi ya noti nne mara nne, kila mara kwa chombo kingine: soprano anaishia E flati, alto anaishia D, tenori C, baritoni B flati. Kila mmoja ashuke kwenye kimo chake, na akimaliza aishike noti yake ndefu hadi hewa yake iishe yenyewe. Baritoni atabaki wa mwisho. Acha kimya baada yake, na kimya hicho ukiandike kwenye noti, kipimo kizima.

Andika pumzi kama unavyoandika noti

Ile ramani uliyoitengeneza wakati wa kusoma maneno sasa ihamishie kwenye karatasi za wapigaji. Kila mwimbaji anapopumua, weka alama ya pumzi, ile inayofanana na mkato, juu ya mistari. Noti ndefu ya mahadhi isishikwe hadi ukingoni. Iachie pigo moja kabla ya noti fupi zinazofuata. Pigo hilo la hewa ndilo mahali ambapo maneno yangekaa.

Kwa sauti za chini fanya kinyume. Alto, tenori na baritoni wasipumue wote pamoja katikati ya sentensi ya soprano. Wape zamu, na uziandike, kwa maana usipoziandika wote watapumua kwenye mstari wa wima. Lakini sentensi inapokwisha, wote wanne wapumue pamoja, kwa sauti inayosikika kidogo. Usiogope hewa hiyo kusikika. Msikilizaji huitambua kama anavyotambua mtu anayejiandaa kusema jambo zito.

Ikiwa kundi lenu ni la watu wanane au kumi na wawili, usiongeze noti mpya kwa sababu tu watu wapo. Wapumzishe nusu yao katika ubeti na kiitikio cha kwanza, waingie kwenye kilele, kisha watoke tena. Wingi wa watu una faida kubwa zaidi katika kupokezana pumzi.

Siku ya mazoezi

Anza na baritoni na ule mstari unaodondoka, wawili tu, mpaka walie kama mtu mmoja. Ongeza alto. Mahadhi yaingie mwisho. Kundi lililozoea kuanza na mahadhi halijifunzi kamwe kusikiliza kilicho chini yake.

Tuni kutoka chini kwenda juu, kila mtu akijipima kwa baritoni. Angalieni noti mbili zenye tabia: C shapu ya katikati, inayopulizwa bila kubana kidole, huelekea kulegea chini, na D inayofuata, yenye kitufe cha oktavu, huelekea kupanda juu. Mstari ukipita hapo, midomo ifanye kazi.

Kisha waombe wote waweke vyombo chini na waimbe sehemu zao kwa midomo. Mahali watakapoishiwa pumzi wakiimba, ndipo mpangilio wako una kosa. Usiwalaumu. Chukua penseli urekebishe.

Haki ya wenye wimbo

Kosma alifariki mwaka 1969 na Prévert mwaka 1977. Sheria ya Ufaransa huilinda kazi ya pamoja kwa miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi wa mwisho, kwa hiyo wimbo huu bado una wenyewe. Ruhusa ziko mbili, na watu wengi huzichanganya. Ruhusa ya kupiga hadharani hupatikana kupitia vyama vya hakimiliki. Ufaransa, kwa mfano, kuna SACEM, iliyoanzishwa mwaka 1851. Ruhusa ya kuandika mpangilio mpya na kuusambaza au kuuza hutolewa na mchapishaji mwenye haki. Andika barua mapema, eleza kundi lenu ni la watu wangapi na mpangilio ni wa matumizi gani. Mtunzi aliyekuachia ngazi nzuri namna ile ya kushukia anastahili kuombwa.

Ukimaliza yote, fanya jaribio moja la mwisho. Mpate mtu asiyejua wimbo wala Kifaransa, mpigieni kiitikio cha tenori, halafu umuulize ni mahali gani alihisi mtu ananyamaza kwa sababu ameshindwa kuendelea. Akikuonyesha palepale ulipoweka alama wakati wa kusoma maneno, peleka karatasi zikachapwe. Akikuonyesha kwingine, rudi kwenye maneno, uyasome tena kwa sauti, na usikilize yanapopumua.